Huyu ni wa Nani?

Mashine ya gemu ikichemka hutoa harufu yake, vumbi linaloungua taratibu ndani ya plastiki, na harufu hiyo haijabadilika tangu nikiwa mtoto. Mashine zenyewe zimebadilika, zimekuwa nyembamba na za bei mbaya, lakini vumbi la Garissa ni lile lile. Uifunike kwa kitambaa, uiweke juu ya kabati, litaifuata tu. Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya swala ya adhuhuri, nilikaa sebuleni peke yangu nikamaliza gemu ya tatu na ya mwisho ya mfululizo nilioanza kuucheza kabla sijaota ndevu. Majina ya watengenezaji yakawa yanapanda kwenye kioo, feni ya mashine inavuma, chumba kizima kinanuka vumbi moto, na mimi nimekaa na pedi ya kuchezea mapajani nina hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Wenzangu wa rika langu watanielewa. Wadogo zetu huona ni ujinga mtu mzima, baba wa watoto, kununiana na gemu. Sisi tuliokua na hadithi moja, tukaisubiri itoke kipande baada ya kipande mpaka mvi zikatukuta, tunajua kwamba ikiisha inaondoka na kitu chako. Na mimi siwezi kuiwaza gemu hiyo bila kumuwaza Kyalo.

Kyalo alikuwa mtoto wa Mwalimu Ndinda, na Mwalimu Ndinda alikuwa mpangaji wetu. Kwao ni upande wa Mwingi, ng'ambo ya daraja la Tana, lakini serikali ilikuwa imemleta kufundisha katika shule yetu ya msingi, naye akakodi vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu, ndani ya ua mmoja. Mume wake alifanya kazi Nairobi. Likizo moja alikuja na mashine kuukuu ya gemu, akamwachia mwanawe ili asizurure mitaani. Mashine ikawepo, ila televisheni hawakuwa nayo. Sisi televisheni tulikuwa nayo, ile kubwa yenye mgongo, iliyoingia nchini kwa mpaka wa Liboi ikiwa imeviringishwa blanketi juu ya lori la mbuzi. Basi ikawa mashine yake, televisheni yetu, na urafiki ukaanza hapo, kwa waya.

Televisheni yenyewe ilikuwa chini ya himaya ya nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Ayeeyo. Aliketi mbele yake kwenye mkeka tangu asubuhi, tasbihi mkononi, akingoja habari za Kisomali. Hakututoa. Alisema tucheze, mradi sauti ikiwa ya bunduki tuipunguze. Kyalo alijua Kiingereza kuliko mimi, kwa hiyo alisoma maandishi ya chini akanieleza kwa Kiswahili, nami nikamgeuzia Ayeeyo kwa Kisomali. Hadithi ilimfikia ikiwa imechoka, lakini ilimfikia. Kiswahili hiki ninachokiandika, nusu yake nilikiokota pale sakafuni, nikitafuta kuelewa kilichompata nahodha ili nikamwambie nyanya yangu.

Gemu ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Sisi tuliiita Markab, ambalo ni neno letu la marikebu, kwa sababu ilihusu chombo kikubwa kinachokata anga kikiwa kimebeba watu wa sayari iliyokauka. Ayeeyo hakuhitaji maelezo mengi.

"Huo ni ukame tu," alisema. "Watu wamehama. Wanyama wao wako wapi?"

Tulipomwambia hawana wanyama, akasikitika kuliko alivyoisikitikia sayari.

Kila mtu mpya alipotokea kwenye kioo, Ayeeyo aliuliza swali lile lile: ni mtoto wa nani? Aliuliza hivyo kwa binadamu, kwa maroboti, kwa viumbe wenye pembe. Akimwelekea Kyalo alijaribu Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe Kyalo, hii mtu ni ya nani? Baba yake iko wabi?"

"Hana baba, Ayeeyo. Alitengenezwa na kompyuta."

"Hakuna mtu hana baba. Uliza yeye tena."

Asiyetujua atadhani ni udaku. Kwetu mtoto hufundishwa majina ya baba zake kabla ya kufundishwa kuhesabu: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka ulimi uchoke. Ukikutana na mtu njiani huko Ijara au Bura, hamuulizani kazi wala mtaa. Mnatajiana majina mpaka mfike mahali mistari yenu inapokutana, na hapo ndipo mnajua kama mtakunywa chai pamoja au mtaangaliana vibaya. Kwa hiyo tuliketi, mimi na Kyalo, tukawatafutia watu wa Markab baba zao, maana bila hivyo Ayeeyo asingetulia. Rubani mwenye magamba tulimpa ukoo wa mama yangu, kwa sababu alikuwa mbishi. Daktari tulimwacha awe Mkamba kama Kyalo. Nahodha, ambaye gemu ilituruhusu kumpa jina tulitakalo, tulimwita Warfa, babu yetu wa mbali ambaye tuliambiwa alichimba visima vingi kuliko mtu yeyote. Tangu siku hiyo nahodha akipigwa risasi Ayeeyo alijipiga paja: "Wallahi, wamempiga mtoto wetu!"

Aliyetushinda ni fundi wa injini. Aliitwa Oru, alikuwa na mikono minne na ngozi ya rangi ya jivu, na hadithi yenyewe ilisema wazi kwamba watu wake wote wamekwisha. Hata Ayeeyo hakupata pa kumweka.

Gemu ya pili ilikuja na baba yake Kyalo likizo nyingine, na ndani yake ndimo mlimokuwa na lango. Markab inafika kwenye kituo kikubwa cha anga chenye maji na chakula, na langoni kuna mlinzi, mwanamke mwenye sauti nzito, anayemuuliza kila abiria kwao ni wapi. Wenye kwao wanapita. Oru anafika, mikono yake minne ikiwa imeshika kofia, na hana la kusema. Mlinzi anamgeukia nahodha anauliza: huyu ni wa nani? Hapo chini ya kioo yakatokea majibu ya kuchagua, na moja lilikuwa maneno mawili tu. Ni wangu. Kyalo akabonyeza. Lango likafunguka na muziki ukapanda, na sisi tukarukaruka mkekani. Tuliirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko sehemu za vita.

Nilipomgeuzia Ayeeyo maneno yale, aliweka tasbihi chini. Akatusimulia kwamba ndivyo ilivyokuwa hata kwenye visima vya baba yake alipokuwa msichana. Mtu aliyekuja peke yake, watu wake wamemalizwa na njaa au na vita, aliweza kuomba aitwe kwa majina ya wenye kisima. Wakikubali, tangu siku hiyo anayataja majina yao kama yake, na akiguswa yeye wameguswa wote. Sheegad, ndivyo kunavyoitwa. Alimjua mtu wa namna hiyo, na wajukuu wake leo huwezi kuwatenga na wengine.

"Hata wao wenyewe hawajui," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Halafu ukaja ule msimu ambao wazazi wetu hawapendi kuuzungumzia. Watu wa bara walianza kuondoka mjini, kwanza wenye maduka, kisha wauguzi, kisha walimu. Darasa letu likakaa bila mwalimu wa hesabu, baadaye bila wa sayansi. Watu wazima walishusha sauti tulipoingia chumbani, nasi tukasikiliza mlangoni kama watoto wote wa dunia hii. Nilichosikia ni kwamba kuna wanaume porini wanaosimamisha watu njiani na kuwauliza wao ni nani, na wasiojibu vizuri hawafiki waendako.

Nakumbuka nilivyofarijika. Nilikuwa nimeogopa nikidhani ni jambo kubwa, kumbe ni swali la Ayeeyo! Swali ambalo mimi nililijibu tangu nikiwa na miaka mitatu, na ambalo Kyalo angeweza kulijibu vilevile akifundishwa. Sikujua kwamba walichoulizwa kilikuwa dini. Na hata ningeambiwa nisingeelewa, maana katika akili yangu ya wakati ule mtu akishakuwa wetu, yote mengine humfuata yenyewe.

Nikamfundisha nyuma ya tangi la maji, mahali palipokuwa na kivuli na ardhi yenye unyevu. Jina lake, kisha baba yangu, kisha babu yangu, na kuendelea.

"Kyalo Hassan Dahir Gedi," nikasema. "Sema."

"Kyalo Hassan Dahir Gedi." Akacheka. "Wacha bana! Kwa hivyo babako ni babangu?"

"Ndiyo. Na Warfa ni babu yako."

"Warfa, nahodha?"

"Yeye mwenyewe."

Hilo lilimkolea. Aliyaimba majina yale kama nyimbo za kwaya ya kanisani kwao, kwa kupandisha na kushusha, akipiga tangi kwa kiganja. Siku moja akiwa katikati tukasikia sauti ya Ayeeyo upande wa pili wa tangi, alikokuja kutawadha. Majina hayachezewi kwetu, nilijua hivyo.

"Olow kwanza," akasema kwa Kisomali, "ndipo Abdulle. Mwambie aanze tena."

Kyalo akaanza tena, akafika mwisho bila kukwama. Ayeeyo akainua birika lake. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba mtoto hatoi majina. Majina hutolewa na wazee wakiwa wamekaa. Akaingia ndani kuswali, na mimi nikabaki na tumaini kubwa kuliko nililokuwa nalo mwanzo, kwa kuwa hakukataa. Kilichobaki ni wazee kukaa.

Na haikupita wiki, wazee wakakaa. Walikuja asubuhi, mmoja mmoja, wakavua viatu, wakajipanga kwenye mikeka kando ya ukuta ambako jua lilikuwa halijafika. Baba alileta chai ya maziwa ya ngamia. Adeer, mdogo wake baba mwenye pikapu, alikuwepo pia, na hakuwa mtu wa kukaa na wazee. Nilipoona hivyo nilijua ni siku yenyewe. Sikumuuliza mtu. Shule ilikuwa imefungwa, Mwalimu Ndinda alikuwa chumbani kwake mlango umefungwa, nami nikamvuta Kyalo hadi kwetu nikamvalisha kanzu yangu ya Idi.

"Na nikikosea?" akaniuliza. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo.

"Hukosei."

"Na mum?"

"Ukiwa mtoto wetu, mamako ni mama wa mtoto wetu. Watamkataaje?"

Akaitikia kwa kichwa, akaona ni sawa. Tulikuwa tumelipiga hesabu vizuri jambo hilo.

Tukatoka. Mazungumzo ya wazee yakakatika. Kyalo akatoa salamu kama nilivyomfundisha, mikono mbele ya tumbo, kanzu imemfika juu ya vifundo kwa sababu alinizidi kimo. Kisha akaanza. Kyalo Hassan Dahir Gedi Olow Abdulle Shide, na akaendelea, safari hii bila kuimba, kwa sauti ndogo iliyonyooka. Palikuwa na mzee mwenye ndevu za hina aliyekaa mwisho wa mkeka, na niliona midomo yake ikimfuatisha, jina kwa jina. Adeer alikuwa ameinamisha kichwa. Baba alikuwa ananitazama mimi. Kyalo akafika kwa Warfa, akampita, akawafikia wale wa juu kabisa ambao hata mimi husita kuwataja, akamaliza.

"Mashallah," akasema mzee wa hina. "Nani amekufundisha?"

Kyalo akanionyesha kwa kidevu.

"Amekufundisha vizuri."

Nikangoja. Nilimtazama kila mmoja wao usoni, nikijua kwamba yeyote kati yao angeweza kulisema, neno lenyewe ni fupi. Mzee mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kilemba chake, nikadhani huyu ndiye. Lakini mzee wa hina akamgeukia Adeer, akaongea kama vile tumeshaondoka.

"Gari liwe tayari kabla ya alasiri. Na wasibebe vitu vingi."

Nikapiga kelele. Sikuwahi kuwapigia wazee kelele kabla ya siku ile wala baada yake. "Si mseme ni wetu! Ameyasema yote! Si mseme!"

Baba aliinuka, akanishika bega, akanitoa. Hakunipiga, na hilo lilinitisha kuliko kupigwa. Ayeeyo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na shali yake imemfunika mpaka puani. Yeye ndiye aliyekuwa ametueleza habari za visima, yeye ndiye aliyesahihisha Olow na Abdulle, na sasa hakusema kitu. Nilimchukia siku ile. Nilimpenda kuliko watu wote, na nilimchukia.

Kilichofuata kilinichanganya zaidi. Mama yangu aliingia chumbani kwa Mwalimu Ndinda na buibui lake, na Mwalimu akatoka amelivaa, hijabu imefungwa vizuri. Kyalo alipotaka kuvua kanzu Adeer akamwambia, "Wacha hiyo. Kaa nayo." Hapo moyo ukanirudia. Nikaona wamekubali hatimaye, ila kuna mahali pengine wanapopelekwa ili watangazwe rasmi, labda kwa wazee wakubwa zaidi. Kyalo naye alidhani hivyo hivyo. Alipanda mbele, katikati ya mama yake na Adeer, na mashine ya gemu kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Akaniambia nisiguse televisheni, anarudi tumalizie lango. Mwalimu Ndinda alinishika shavu kwa kiganja chake, kisha akafunga mlango wa gari.

Alikuwa ameacha sufuria ya muthokoi jikoni kwake, mahindi na maharagwe, bado mabichi. Ayeeyo alikwenda akaketi kando ya jiko lile, akachochea moto na kuongeza maji mpaka chakula kikaiva. Mama alipomwambia aache, alijibu kwamba chakula cha mtu hakiachwi kibichi. Tulikila sisi. Jua likiwa linazama Adeer akarudi, kiti cha pembeni kitupu, akaosha gari bila kumtazama mtu. Aliwafikisha ng'ambo ya daraja, akawapandisha basi la Mwingi. Nikaelewa kwamba hakuna mtu aliyetangazwa popote.

Hadithi ya Markab ilikaa miaka bila mwisho. Kampuni iliyoitengeneza iliuzwa, ikasemekana gemu ya tatu haitatoka kamwe, sisi tukasoma, tukaoa, tukawazika wakubwa wetu. Ayeeyo alifariki bila kujua Markab ilifika wapi. Kyalo nilimpata tena kwenye simu tulipokuwa vyuoni, na tangu hapo hatujapotezana. Yeye ni mfamasia Kitui. Haongei juu ya siku ile, nami huogopa kumkumbusha. Tunaongea juu ya watoto, mpira na gemu.

Sasa gemu ya tatu imetoka, na imeisha. Nitasema kwa haki kwamba ni nzuri. Chombo kimezeeka, korido zinavuja, nahodha ana makovu na hupumzika akipanda ngazi. Kuna saa nzima ambayo humfanyi mtu kitu, unatembea tu ukisikiliza watu wakila. Nililia mahali fulani na sitasema wapi. Lakini mwishoni kuna lango jingine, maadui wako nyuma, na mlinzi anauliza tena. Oru amesimama nje. Majibu yanatokea chini ya kioo, na lile la maneno mawili halimo. Niliyapitia moja moja, nikarudi nyuma, nikacheza upya sura nzima nikidhani nimekosea mahali. Halimo. Oru anamshukuru nahodha kwa kumpa nyumba miaka yote hiyo, kisha analifunga lango kwa mikono yake minne, kutokea nje.

Kwenye kundi letu la mashabiki watu wamewaka. Wanasema tumetapeliwa, waandishi walichoka, haiwezekani umfundishe mtu neno katika gemu ya pili halafu umnyang'anye katika ya tatu. Nami niliwaka nao. Lakini kila nilipoanza kuandika malalamiko yangu, sauti ndani yangu iliniambia kwamba hao waandishi, popote walipo, wameandika kitu ninachokijua. Sikuwa tayari kuwasifu kwa hilo. Nilimpigia Kyalo.

"Nilimaliza jana," akasema. "Walitucheza, msee."

"Ulilitafuta lile jibu?"

"Nililitafuta mpaka pedi ikaisha chaji. Lakini ni gemu poa. Sijui. Nimekasirika na bado ningeicheza tena. Ungekuwa wewe umeiandika, ungemaliza aje?"

Akaniambia nisalimie mzee, nisalimie kila mtu hapo nyumbani, kila mmoja. Nikasema nitawasalimia.

Ndipo nikaenda kwa baba. Siku hizi hukaa kwenye kiti cha plastiki uani, masikio mazito, akili nzima. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa nini siku ile hakuna hata mmoja wao aliyesema mtoto yule ni wetu. Nilitarajia angekasirika.

"Tumwambie nani?" akasema. "Ulitaka tumwambie nani kwamba ni wetu?"

"Waliokuwa wanauliza."

"Waliokuwa wanauliza hawakuwa watu wa mbali."

Akaniambia kwamba alfajiri ya siku ile simu yake ililia. Alikuwa Noor, mtoto wa kaka yake mkubwa, Noor mwenye duka karibu na soko, ambaye wanangu humdandia shingoni kila Idi. Wakati ule sisi watoto tuliambiwa amekwenda kusoma. Kumbe alikuwa porini pamoja na wale wanaume. Alisema maneno machache: kwenu kuna mwalimu, mwondoeni leo. Aliyajua yaliyopangwa kwa kuwa alikuwepo yakipangwa, na aliwapigia kwa kuwa ni watu wake. Baadaye alirudi, serikali ikampa msamaha, wazee wakaketi, yakaisha. Majina aliyoyatamka Kyalo mbele ya mikeka ile ndiyo hayohayo ya Noor, kuanzia Dahir kwenda juu.

"Rafiki yako yu hai kwa majina hayo," baba akasema. "Wewe ulitaka yamlinde. Yalimlinda. Sasa unataka nini?"

Akaomba aletewe maji ya kutawadha.

Ijumaa hii nilikutana na Noor mlangoni mwa msikiti. Alininyooshea mkono kama kawaida yake, akauliza watoto hawajambo, nikamjibu hawajambo, nikaupokea mkono ule kwa sababu bila yeye Kyalo asingekuwa anapumua leo. Alinishika bega, akaenda zake dukani. Nilikuwa bado nimesimama pale juani, viatu mkononi, nilipowakumbuka walimu wengine waliokuwa wamebaki mjini asubuhi ile, waliokuwa wapangaji kwenye nyua za watu wasio ndugu zake. Noor alipiga simu nyumba moja tu, na ilikuwa yetu.